Kisima, birika na somo la René Dubos: uchambuzi wa kisa cha kuhara katika mji wa kale wa Lamu

Uchambuzi huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ya jamii, watu wa maabara na maafisa wa maji wa pwani. Majina ya watu, mtaa, msikiti na mwaka yameondolewa, na baadhi ya maelezo ya familia yamegeuzwa ili wasijulikane. Mfuatano wa mambo umeachwa kama ulivyokuwa.

Mahali penyewe

Ni nyumba tano za mawe zilizopakana hata ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba kubwa kuna kisima cha kale, kimechimbwa mchangani na kujengewa kwa mawe ya matumbawe. Wenye nyumba walikiweka wakfu zamani, kwa hiyo majirani huingia na kuteka bila kuulizwa, na maji yake ndiyo yanayojaza birika la kutawadhia la msikiti mdogo ulio ubavuni.

Kila nyumba ina choo cha shimo ndani. Mashimo yamechimbwa katika mchanga uleule wa kisima. Kipimo kinachopendekezwa baina ya choo na kisima ni mita 30, na hapa hakuna choo hata kimoja kilichofikia umbali huo. Katika mji ambao punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, mita 30 ni kuvuka nyumba kadhaa za watu. Aliyechimba choo hakuwa mzembe, ila nafasi haikuwapo.

Maji ya bomba yanatoka Shela, kijiji cha kisiwani humuhumu, ambako mvua huzama katika vilima vya mchanga na kukaa chini kama tabaka la maji baridi lililolala juu ya maji ya bahari. Bomba huja kwa zamu. Lisipokuja, watu hurudi kisimani.

Kwa nini René Dubos anaingia katika kisa cha Lamu

Mtaalamu wa bakteria aliyekishika kisa hiki ni mwanamke wa pwani, na tangu tuanze kufanya naye kazi hamalizi wiki bila kumtaja Dubos, mtafiti wa bakteria wa karne iliyopita. Mwanzoni tulidhani ni mapenzi ya kitabuni tu. Kisa kilipoendelea tuliona kwamba karibu kila uamuzi wake ulikuwa na mzizi katika kazi ya mtu huyo, kwa hiyo ni haki msomaji naye amjue.

Dubos alizaliwa Ufaransa mwaka 1901 na kuhamia Marekani mwaka 1924. Kilichomvuta katika bakteriolojia ni makala ya Mrusi Sergei Winogradsky, aliyeshikilia kwamba bakteria wachunguzwe mahali wanapoishi, wakigombea chakula na wenzao. Kumfuga mmoja peke yake katika chupa, alisema, hakukuonyeshi maisha yake ya kweli. Dubos alipata shahada yake ya udaktari Rutgers mwaka 1927, na mwaka huohuo akajiunga na maabara ya Oswald Avery katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Avery alikuwa akihangaika na bakteria wa nimonia ambaye hujifunika ganda la sukari, na ganda hilo ndilo linalomkinga dhidi ya askari wa mwili. Dubos akaenda kutafuta dawa udongoni. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama maganda hayo hayajalundikana duniani, basi kuna kiumbe anayeyala. Akampata katika udongo wa kinamasi cha New Jersey na kutangaza matokeo yake mwaka 1930. Jambo la kushangaza ni kwamba bakteria huyo alitoa kimeng'enya cha kula ganda pale tu aliponyimwa chakula kingine. Akipewa chakula chepesi, hajishughulishi nalo.

Mwaka 1939, kwa njia ileile ya udongo, Dubos alitoa gramisidini kutoka kwa bakteria aliyeitwa wakati huo Bacillus brevis. Ilikuwa antibiotiki ya kwanza kutengenezwa kiwandani na kuuzwa, na iliwatia nguvu wale waliokuwa wakiifufua penisilini kule Oxford. Lakini ilikuwa na ila kubwa: ikiingia katika damu, hupasua chembe nyekundu. Ikabaki dawa ya kutia juu ya kidonda, na hadi leo imo katika aina fulani za matone ya macho. Nawaomba wasomaji waliweke jambo hili akilini, kwa sababu litarudi kwa sura nyingine kabisa katika birika la msikiti wa Lamu.

Mwaka 1942, antibiotiki zikiwa bado changa, Dubos alikuwa tayari anaonya kwamba bakteria watazizoea. Mwaka huohuo mkewe alifariki kwa kifua kikuu. Alikichunguza kifua kikuu kwa miaka mingi baadaye, akatengeneza njia ya kuwaotesha bakteria wake kwa haraka, kisha akawa mstari wa mbele kusema kwamba bakteria peke yake haelezi kwa nini huyu anaugua na yule haugui: kuna chakula, kuna nyumba, kuna kazi anayofanya mtu. Kutoka hapo hadi kwenye mazingira ilikuwa hatua moja. Yeye na mwanauchumi Barbara Ward ndio walioandika maelezo ya msingi kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, Stockholm, mwaka 1972. Mkutano huo ndio uliozaa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi.

Mambo yalivyofuatana

Masika yalipokolea, watoto wanne wa nyumba mbili walianza kuendesha. Hilo si jambo geni msimu huo, na mama zao walifanya wanachofanya wengi: walikwenda duka la dawa. Mmoja akapewa septrini, mwingine flajili, mwingine amoksilini, zote kwa kuhesabiwa vidonge vichache katika karatasi. Mtoto akipata nafuu siku ya pili, vinavyobaki huwekwa kabatini kwa safari nyingine.

Mtoto wa nne, wa mwaka mmoja na nusu, hakupata nafuu. Aliletwa kituoni macho yameingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiifinya ilichelewa kurudi, na alipoonyeshwa kikombe alikirukia kwa kiu. Alipewa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko pamoja na zinki, na jioni alikuwa akilia kwa machozi, dalili ambayo nesi yeyote wa watoto huifurahia.

Nesi aliyempokea ndiye aliyefungua mlango wa kisa hiki. Katika daftari lake huandika mtoto anaishi wapi kwa kutaja jirani na msikiti, kwani vichochoro vya huko hatuvijui kwa namba. Akaona msikiti uleule umeandikwa mara kwa mara. Akampigia simu mtu wa maabara.

Kinyesi cha watoto kilipimwa. Kipindupindu hakikuonekana, wala Shigella, bakteria wa kuhara damu. Mtaalamu alijaribu pia dawa juu ya bakteria wa E. coli walioota kutoka katika kinyesi cha mtoto mmoja aliyekwisha kumeza vidonge nusunusu: septrini na amoksilini hazikuwafanya kitu. Aliweka wazi kwamba hilo halithibitishi kuwa hao ndio waliomuumiza mtoto, kwani E. coli wengi hukaa tumboni mwa watu bila ubaya. Lilionyesha tu kwamba usugu umeshaingia ndani ya nyumba.

Kisha akaenda kisimani mwenyewe. Ndoo ya nyumbani hakuitaka, kwa kuwa ndoo ina uchafu wake. Alifunga jiwe lililochemshwa kwenye chupa safi, akaiteremsha kwa uzi hadi chini ya uso wa maji, akaipandisha, akaifunika, akaiweka katika mfuko wa nailoni uliokazwa, ndipo ikaingia katika sanduku la barafu. Barafu ilinunuliwa kwa wauza samaki, kwa hiyo mfuko ule haukuwa mapambo. Maji yakafika maabara kabla saa sita hazijapita. Yakachujwa kwa karatasi nyembamba yenye miraba, na karatasi ikalazwa usiku kucha katika joto la nyuzi 44. Asubuhi ilikuwa imejaa madoa ya njano hata hayahesabiki. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na doa hata moja la E. coli katika mililita 100.

Chupa ya pili ilitoka katika birika la msikiti, na majibu yake yalikuwa ya aina hiyohiyo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutowapa antibiotiki watoto wasio na damu katika choo. Mama mmoja alisema waziwazi, "Nimekuja hospitali nirudi na maji ya chumvi?" Nesi alimjibu, "Mamangu, kinachoua ni maji kutoka. Hebu tuyarudishe kwanza." Akamfundisha pia kutengeneza mwenyewe pakiti zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Zinki iliendelea kwa siku 10 hadi 14, hata baada ya kuhara kukoma.

Wa pili ulikuwa kuacha kuzungukia vinyesi na kuelekeza nguvu kwenye maji. Fedha za maabara hazikutosha vyote viwili. Hapa Winogradsky na Dubos walitajwa kwa majina katika kikao cha kituo, na nakiri kwamba ni mara chache nimesikia nadharia ya udongo ikiamua bajeti.

Wa tatu ndio uliozungumzwa kwa muda mrefu. Baadhi yetu walitaka kisima kifungwe mara moja. Mtaalamu alipinga. Kisima kikifungwa siku ambayo bomba halitoki, watu watanunua maji ya mkokoteni ambayo hakuna ajuaye yametekwa wapi. Halafu hiki ni cha wakfu: si cha afisa kukipiga kufuli.

Akaenda kwa mzee anayekiangalia, akakaa naye barazani baada ya alasiri. Mzee alisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, maji haya ni tohara. Hayana rangi, hayana harufu, ladha yake ni ileile tuliyoikuta." Mtu asiyejua dini angedhani huo ni ubishi. Mzee alikuwa akitaja hukumu inayosomeshwa chuoni, yaani madrasa: katika madhehebu ya Shafi, maji yaliyofika kulateni, kile kipimo cha maji mengi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Mtaalamu hakumpinga. Alisema, "Ami, tohara yake mimi siigusi. Nauliza kuhusu kumnywesha mtoto tu." Mzee akamwita imamu. Imamu akatenganisha mambo mawili kwa maneno machache: maji yanaweza kufaa kwa udhu, na papo hapo mtu akakatazwa kuyanywa kwa kuwa ni haramu kujidhuru. Ijumaa iliyofuata aliyasema hayo mbele ya watu.

Nimeona mikutano mingi ya maji ikivunjika kwa sababu mtu wa afya alisema "maji machafu" mahali ambapo watu wamesali kwa maji hayo maisha yao yote. Huyu alijua kiwanja anachokanyaga.

Uamuzi wa nne ulikuwa kutia klorini. Kisima kilitiwa usiku kikaachwa hadi asubuhi, na birika la msikiti likatiwa kila siku, kwa kuwa anayetawadha husukutua na maji huingia kinywani. Ulionekana uamuzi wa wazi kabisa.

Samaki wa birika

Katika nyumba za kale za Lamu na misikiti yake, birika lina wenyeji wake: samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Mabirika mengine yamejengewa bakuli la kaure chini kabisa, ili maji yakishuka samaki wabaki na pa kukaa. Waliolibuni jambo hilo hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa wameusoma uhusiano wa maji, mbu na mtu vizuri kuliko wengi wetu.

Klorini inayomfaa mtu humuua samaki wa aina hiyo kwa kiasi kidogo sana. Siku ya pili walielea. Mhudumu wa msikiti aliwatoa kwa kata akawazika, na kwa heshima tu hakusema neno. Baada ya wiki mbili hivi, mtu aliyesafiri na funguo za sanduku la klorini alikawia kurudi. Birika likakaa bila dawa na bila samaki. Waliokuja sala ya alfajiri wakaanza kulalamika mbu.

Lamu haina haki ya kulichukulia hilo kwa wepesi. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya mbu yenye maumivu makali ya viungo, ilikumba kisiwa hiki, na uchunguzi wa damu uliofuata ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mbu wake, Aedes, hupenda maji yaliyowekwa majumbani: mitungi, mapipa, mabirika. Tukiwa tunapigana na ugonjwa wa tumbo, tulikuwa tunatengeneza kitalu cha ugonjwa wa viungo.

Hapo ndipo gramisidini iliporudi. Mtaalamu alisema kwamba dawa ileile iliyookoa vidonda ilikuwa sumu ndani ya damu, na kosa halikuwa la dawa wala la damu. Mahali tu hapakulingana. Kisha akabadilisha mpango. Klorini ikaondolewa katika birika na kuhamishiwa kwenye chombo cha kunywa: jerikani la nyumbani lenye mdomo mwembamba, linaloachwa dakika 30 baada ya kutiwa dawa, likipimwa libaki na angalau miligramu 0.5 za klorini katika lita. Birika likasafishwa na kurudishiwa samaki kutoka birika la jirani. Pembeni likawekwa pipa dogo lenye bomba, la maji ya jerikani, kwa kusukutua tu. Imamu alilikubali pipa siku hiyohiyo.

Matokeo

Katika nyumba zile mbili, kuhara kulipungua kabla masika hayajaisha, na hakuna mtoto mwingine aliyeletwa akiwa amekauka. Kwa kisa kidogo kama hiki hatuwezi kusema ni klorini pekee. Mvua nayo ilikuwa ikipungua, na mama walikuwa wameanza kutoa ORS mapema.

Kisima chenyewe hakikupona. Kilipimwa asubuhi baada ya dawa, kikawa safi. Kilipopimwa tena siku chache baadaye, madoa ya njano yalikuwa yamerudi kama mwanzo. Sasa maji yake yanafulia na kuogea, na watu wanajua hivyo.

Kilichofaa na kisichofaa

Kilichofaa kuliko vyote ni daftari la nesi. Lingeandikwa "Lamu mjini" kama madaftari mengine, kisa kingebaki watoto wanne wasiohusiana. Mahali anapoishi mgonjwa ni sehemu ya ugonjwa wake, na safu ya kuliandika hilo haigharimu chochote.

Mazungumzo ya barazani nayo yalifaa kwa sababu mtaalamu alikuja na swali jembamba. Hakutaka mzee akanushe alichosomeshwa. Watu wa afya wakiingia mtaani wakidai kila kitu kwa pamoja, huondoka bila chochote.

Kutia klorini ndani ya kisima hakukufaa, na sababu yake ni ya kimaumbile. Kisima cha mchangani hupokea maji mapya ubavuni saa zote. Klorini huua kilichomo leo. Kesho huingia kingine kutoka shimo lilelile la choo. Dawa hiyo ina kazi baada ya kisima kusafishwa au kukarabatiwa, au mafuriko yanapokwisha. Kuitegemea pale ambapo chanzo cha uchafu hakijaguswa ni kujichosha.

Kisa cha birika kilitokea kwa sababu orodha yetu ya ukaguzi ilikuwa na safu za kina, rangi, mfuniko na idadi ya watumiaji, bila safu ya viumbe. Samaki walionekana na kila mtu aliyelikagua birika, na hakuna aliyeuliza kazi yao. Safu hiyo imeongezwa. Mhudumu wa msikiti pia anaitwa katika kikao sasa, maana alijua kazi ya samaki wale tangu mwanzo na hakuulizwa.

Duka la dawa halikubadilika. Tulizungumza na muuzaji kwa adabu naye akatusikiliza kwa adabu, lakini mteja anayeomba vidonge vinne vya septrini bado anavipata. Mama wawili wa nyumba zile wameacha kununua. Hayo ndiyo tuliyoyapata upande huo. Onyo la 1942 halina wa kulisimamia katika kichochoro kile, na ushauri wa mdomo hautatosha bila mkaguzi anayefika.

Jambo moja hatukulitarajia. Kisima kilipotolewa katika maji ya kunywa, mzee wake ndiye aliyesema barazani kwamba sasa kisima cha mtaa ni Shela. Tangu hapo amekuwa akihudhuria vikao vya kulinda vilima vya mchanga, na hoja yake haihitaji mtaalamu: pakijengwa juu ya mchanga, mvua haizami, maji baridi yakipungua na pampu zikiendelea kuvuta, chumvi hupanda. Kwa wanaofundisha mazingira, hapa pana njia nzuri ya kuanzia. Watu hawakuletewa habari za mkutano wa 1972 ndipo wajali vilima. Walianza na jerikani la mtoto, na jerikani likawafikisha Shela.

Vyoo ndivyo vilivyobaki. Shimo lililo karibu zaidi na kisima linahitaji kumwagwa na kujengewa ukuta wa ndani usiovuja, au libadilishwe kuwa tangi linalomwagwa kila baada ya muda. Gari la kunyonya haliingii kichochoroni, kwa hiyo kazi ni ya pampu ya mkono na mapipa ya kubebwa hadi ufukoni kupakiwa. Fundi ameshapima na kutoa bei. Nyumba ni ya mirathi: baadhi ya warithi wako Mombasa, wengine Uarabuni, na hakuna mmoja anayeweza kuruhusu ukuta uvunjwe bila wenzake. Barua zimekwenda kwa wote kupitia kwa kadhi, na waliojibu hadi sasa wamekubali.